Siti ya Baba Mkwe

Mume wangu Zablon alipokwenda Saudia alibeba makalio ya marehemu baba yake ndani ya sanduku. Sitanii. Ile siti ya baiskeli, ya ngozi nzito, mzee aliikalia tangu kabla mimi sijazaliwa. Ilikuwa imebonyea zaidi upande wa kulia, kwa sababu mzee alikuwa na mguu mmoja mbovu na alikaa kwa kuegemea, na hata baada ya kumzika ungeitazama ukamwona amekaa pale.

Nilikuwa nimempakia mume wangu unga, majani ya chai, omena niliowakausha mwenyewe, na sweta, maana nilisikia Riyadh kuna baridi mwezi wa kwanza. Pale uwanja wa ndege Nairobi mizani ikakataa. Zablon akachutama mbele za watu, akatoa unga, akatoa omena, akatoa sweta, akanirudishia vyote mikononi. Siti ikabaki. Keria ya chuma ikabaki. Pampu na kengele vikabaki.

"Baba Maryann," nikamwambia, "unaenda kuwa soja ama fundi wa baiskeli?"

"Mama Maryann, unga nitapata huko. Hizi sitapata."

Nilitamani kuinyakua ile siti niitupe kwenye pipa la taka, na hasira yangu ikakosa pa kwenda, kwa sababu sikuruhusiwa hata kuigusa. Kwetu Budalang'i mkaza mwana hakalii kiti cha baba mkwe wake. Hakalii, hashiki kitanda chake, hamwangalii usoni. Siti ya baiskeli nayo imekaliwa, basi ni kiti. Nilisimama pale na omena wangu wakinuka, watu wanapita wakiziba pua.

Huyo mzee, wacha niwaambie. Alibeba watu wote wa kwetu kwenye ile baiskeli yake nyeusi. Alibeba walimu, wagonjwa, magunia ya samaki, hata jeneza aliwahi kubeba. Mto Nzoia ulipovunja kingo, kama ulivyozoea, alivusha familia nzima nzima. Mimi tu ndiye hakunibeba hata siku moja, kwa sababu mkwe hapandi nyuma ya baba mkwe. Siku uchungu wa Maryann uliponishika, Zablon alikuwa mbali na hapakuwa na mtu mwingine. Nilitembea kwa miguu mpaka zahanati, nikishika miti njiani. Mzee alikuja nyuma yangu, mbali kabisa, akikokota baiskeli iliyobeba kitita changu cha nguo peke yake. Kila niliposimama kuugulia, yeye naye alisimama, akapiga kengele, nijue kwamba yuko. Nilimchukia kwa hilo na nikampenda kwa hilo, na bado sijaamua lipi zaidi.

Keria nayo ilifuliwa na fundi Ephraim wa Port Victoria kwa nondo zilizobaki kwenye ujenzi wa daraja. Baiskeli tatu zimekufa chini yake. Baiskeli inachakaa, fremu inakatika, ringi zinapinda, keria inafunguliwa na kufungwa kwenye baiskeli nyingine, siti ikifuata, kengele ikifuata. Zablon alifanyia bodaboda juu ya vyuma hivyo miaka yote mpaka pikipiki zilipokuja kumnyang'anya abiria. Hapo ndipo alipojiandikisha kwa ajenti wa kazi za Uarabuni, kama walivyofanya vijana wengi miaka ile.

Kule Riyadh alinunua kwa Mbangladeshi mmoja baiskeli iliyobaki mifupa, akaivisha vitu vyake. Alikuwa soja, mlinzi wa jumba la vioo pale Olaya, na miaka ile reli ya metro ilikuwa bado ni mashimo na mabati, magari yamepangana kutwa nzima. Yeye alipita katikati yao kutoka kambi ya wafanyakazi, akifika kazini hajatota jasho. Alinipigia simu kunisimulia kwa sauti ya mtu aliyeshinda uchaguzi.

"Na unga ulipata?" nikamuuliza.

"Mama Maryann, wewe husahau?"

Sisahau. Mwaka uliofuata na mimi nikaenda, nikawa kadama, mtumishi wa ndani, katika nyumba ya madam mmoja Jeddah, ghorofani, si mbali na Balad, mji wa kale. Kijijini walidhani mimi na Zablon tunakula pamoja kila jioni. Riyadh na Jeddah ni kama Busia na Mombasa, na kadama hatoki nje. Tulikuwa mume na mke wa simu, tena simu ya kujificha bafuni.

Halafu Mungu akatukumbuka. Kampuni ya Zablon ikapata kazi ya kulinda ghala huku Jeddah, naye akahamishwa, akapanga chumba na Wakenya wengine kule Karantina. Baiskeli ilisafiri juu ya lori. Kila Ijumaa alipita chini ya dirisha la jikoni akapiga kengele, nami nikatingisha sufuria kumjibu. Madam akadhani mimi ni mtu wa kelele. Hivyo ndivyo tulivyoishi kama mke na mume.

Jeremy, dereva wa madam, kijana wa Nakuru mwenye maneno mengi, alimwona Zablon siku moja akacheka mpaka akashika ukuta.

"Auntie Celestine, si umwambie mzee wako aachane na hiyo chuma ya museum? Hii ndiyo gari," akapiga kiganja kwenye boneti ya GMC mpya ya madam. "Hii inajiendesha na kompyuta!"

Nilicheka pamoja naye. Kwa nini nisicheke? Mimi nilikuwa wa kwanza kuicheka.

Mkataba wangu ukaisha. Madam hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na hofu ya kubaki na vyombo vyake. Kila nilipouliza safari aliniambia bukra, inshallah, yaani kesho, Mungu akipenda. Viza yangu ya kutoka, khuruj, ilipatikana baada ya kilio kirefu, halafu ikakaa kwenye droo huku tiketi ikisubiriwa, mpaka tiketi ilipokatwa ilikuwa ya siku ile ile khuruj inayokwisha. Binti ya madam naye alikuwa karibu kujifungua. Nilijua wazi kama mchana: nikikosa ndege hiyo, karatasi zitaanza upya, na kabla hazijaisha kutakuwa na mtoto mchanga wa kulea, na atakayemlea ni mimi. Maryann wangu alikuwa ameanza kuniita "shosh" kwenye simu, akinichanganya na nyanya yake aliyekuwa akimlea. Nilitaka kwenda nyumbani. Sikutaka kitu kingine chochote duniani.

Ilikuwa Novemba, mwaka wa 2015. Asubuhi ya safari madam alinipa pasipoti mkononi, akanikumbatia, akalia kidogo. Nje mbingu ilikuwa nyeusi. Wageni wa Jeddah hawajui, lakini mji ule haukuumbwa kwa mvua; ikinyesha sawasawa, maji hayana pa kwenda isipokuwa barabarani. Jeremy alipakia begi langu na tukaondoka, na kabla hatujafika barabara kuu mvua ikashuka kana kwamba imetumwa.

Gari lilizima mahali maji yalipofika kwenye taa zake. Taa za ndani zikawaka zote kwa pamoja, zikalia, zikanyamaza. Jeremy akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Kompyuta ikamwambia hapana.

Akampigia madam. Niliisikia sauti yake mimi mwenyewe. "Khalas, mafi matar, hakuna uwanja wa ndege leo. Celestine arudi nyumbani. Bukra, inshallah."

"Auntie, turudi tu," Jeremy akasema kwa upole. "Hii si siku yako."

"Nani amekwambia si siku yangu?" Nilifungua mlango, maji yakaingia yakamlowesha viatu. "Wewe rudi. Mimi nina ndege."

Sikujua naenda wapi. Nilisimama juu ya ukuta mfupi wa katikati ya barabara, begi kichwani, abaya imeganda mwilini, pasipoti ndani ya mfuko wa plastiki kifuani. Magari yalikuwa yamekufa mbele na nyuma. Nikampigia Zablon, nikamweleza nilipo haraka haraka kabla kilio hakijanipata.

"Kaa hapo hapo," akasema. "Tangu mvua ianze nimeshatoka."

Nikangoja nikimwomba Mungu na kumlaani ajenti kwa zamu. Halafu, kabla sijamwona, nikaisikia. Kri-kring. Kri-kring. Alitokea katikati ya magari yaliyozama, suruali imekunjwa mpaka mapajani, anakanyaga pedali kwa mwendo wake ule ule wa Budalang'i, polepole bila kusimama, kwa maana ukisimama majini umekwisha. Ekseli alikuwa amezijaza grisi usiku wa jana yake aliposikia radi, kama baba yake alivyomfunza. Jeremy alikuwa bado kwenye kiti cha gari lake, miguu juu ya dashibodi. Hakucheka. Alisema tu, "Haki ya Mungu."

"Mama Maryann, begi mbele, wewe keria," Zablon akasema, kana kwamba tuko steji ya Port Victoria.

Nikakaa upande, kama wanawake wa kwetu wanavyokaa, miguu yote kushoto. Begi tulilifunga kwenye usukani. Tukaondoka. Tulipita mabasi, tukapita lori la takataka, tukapita magari ambayo bei yake ingenunua kijiji chetu na ng'ombe wake. Watu walitutazama kutoka juu ya paa za magari. Nilimshika mume wangu kiunoni mchana kweupe katikati ya Saudia, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuniuliza.

Tulifika mahali barabara inapoinama kupita chini ya daraja, na pale palikuwa mto. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalipita kwa nguvu, yamebeba mapipa, matairi, na mlango wa duka. Polisi mmoja alisimama kwenye ukingo, gari lake mwenyewe linaelea nyuma yake.

"Mafi tariq," akatupungia mikono. Hakuna njia.

Zablon akashuka. Akayatazama maji kwa muda, kichwa upande, jinsi ninavyomwona akitazama Nzoia. Akavua viatu, akavining'iniza begani. "Yanafika kiunoni. Chini ni lami, si tope. Tutavuka."

"Basi twende."

"Si hivyo ulivyokaa. Ukikaa nyuma, gurudumu la mbele litanyanyuka na maji yatatugeuza. Uzito uwe katikati. Mimi nitasukuma kwa miguu. Wewe hamia siti."

Nilifikiri sijasikia vizuri. "Nihamie wapi?"

"Siti, Mama Maryann."

"Hiyo siti ni ya nani?"

Alijua, nami nilijua.

"Mimi nikalie kiti cha baba yako? Zablon, umerukwa na akili? Nikifika nyumbani nimwambie nini mama yako?" Nilikuwa napiga kelele. "Nitatembea!"

"Wewe ni mfupi. Yatakufika kifuani, na hiyo abaya itakuvuta. Hujui kuogelea."

Jamani, acheni niseme ukweli wangu: niliogopa ile siti kuliko maji. Watu watacheka. Lakini mtu akikuzuia jambo tangu siku ya kwanza ya ndoa yako, mwili unalishika, haungoji akili. Miguu yangu ilikataa. Khuruj ilikuwa inakwisha kifuani mwangu, ndege ilikuwa inapakia, na mimi nilisimama mvuani nikiogopa ngozi ya ng'ombe aliyekufa zamani.

Zablon alivua kofia. Akaweka mkono juu ya siti, akainamisha kichwa, akaongea na baba yake mbele ya polisi, bila haya yoyote.

"Mzee, ni mimi. Huyu mkwe wako ulimsindikiza kwa kengele siku ile, hukuwa na ruhusa ya kumbeba. Leo maji yamejaa. Anataka kwenda kwa mjukuu wako. Mpishe akae, mimi nasukuma."

Polisi hakuelewa neno, lakini aliona kofia imevuliwa, naye akashusha mikono.

Hapo nikakumbuka blanketi. Nililinunua Balad siku moja madam aliponipeleka sokoni, zito, lenye maua mekundu, zawadi ya mama mkwe. Kwetu mambo mengi kati ya wakwe huanza kwa blanketi na huisha kwa blanketi. Nikafungua begi, nikalitoa, nikalitandika juu ya siti kwa mikono miwili, taratibu, kama unavyomfunika mtu mzima aliyelala.

"Baba," nikasema. Maisha yake yote sikuwahi kumwita hivyo kwa sauti. "Pokea. Nimekuja."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikapanda, nikakaa.

Radi haikunipiga. Kilichonipiga ni springi ya kulia, palepale mzee alipoegemea, ikanifinya nikaruka. Nilicheka. Nilicheka na kulia kwa pamoja, na Zablon akasema, "Hata mimi huwa inanifinya," akaingia majini.

Yalimfika magotini, yakamfika mapajani, yakamfika kiunoni. Alishika usukani kwa mkono mmoja na siti kwa mkono wa pili, akipapasa lami kwa nyayo kabla ya kila hatua. Baiskeli ilitetemeka yote chini yangu. Katikati kabisa, mahali maji yalipokuwa na nguvu zaidi, kitu kikatugonga kwa nyuma. Ule mlango wa duka. Nilisikia bati likigonga chuma, mlio mkubwa, nikasema basi, nimekufa Jeddah kwa sababu ya mdomo wangu. Keria ya Ephraim haikupinda. Mlango ndio uliopinda, ukageuka, ukaenda zake.

"Iko?" Zablon akauliza bila kutazama nyuma.

"Iko!" nikapiga kelele. "Iko, Baba Maryann! Sukuma!"

Juu ya daraja watu walikuwa wamejaa: Wapakistani, Wasudani, vijana wa Kisaudi waliokwama na magari yao. Mmoja akaanza, "Yalla! Yalla!" wakaitikia wote. Waliyalla mpaka daraja likavuma. Nami, Celestine, kadama, niliyetoka nyumbani kwa madam kwa mara chache za kuhesabika, nilipita chini yao nimekaa wima juu ya kiti cha mzee wangu na blanketi la maua, nikitazama mbele kama mke wa gavana. Maji yakashuka kiunoni mwake, yakashuka magotini. Gurudumu la mbele likashika lami kavu. Wale vijana walishangilia kama timu yao imefunga bao.

Kutoka pale nilirudi keria, na Zablon akakalia siti bila kuondoa blanketi. Barabara ya Madina ni ndefu, lakini upande wa kaskazini mvua ilikuwa imepungua. Alikanyaga pedali, akaimba, akakohoa, akaimba tena. Sikumwambia asante. Nilimwambia, "Lakini sweta ungelibeba." Akacheka mpaka baiskeli ikayumba.

Uwanja wa ndege ulikuwa umefurika watu. Ndege zilichelewa kwa ajili ya mvua, na yangu ilikuwa bado chini, inangoja. Hakuruhusiwa kupita mlango wa kioo. Tulishikana mikono tu, kwa kuwa ni Saudia. Akakunja blanketi lililolowa, akaniwekea begani.

"Mpe mama. Mwambie mzee amelipokea kwanza."

Niliingia. Mstari ulikuwa mrefu, wanawake wengi, Wakenya, Waethiopia, Wamisri na watoto wao. Tulisogea, tukasogea. Kila mlango ule wa kioo ulipofunguka nyuma yangu, ilipenya sauti, mbali, ndogo. Kri-kring. Mlango ukafungwa. Ukafunguka. Kri-kring. Alikuwa amesimama kule nje na baiskeli yake, ananipigia kengele nijue kwamba yuko. Nikawa niko tena kwenye ile njia ya zahanati, na safari hii sikuwa na uchungu popote mwilini.

Nikatupa kichwa nyuma nikapiga vigelegele.

Vilitoka kwa nguvu zote nilizobaki nazo, katikati ya ukumbi ule, mbele ya askari. Watu wakageuka. Nikafikiri watanishika. Halafu mama mmoja Mmisri, mnene, aliyebeba mtoto, akanitazama akatabasamu, akatoa vya kwao, vile vya ulimi mwepesi. Wakenya wakadaka. Waethiopia wakadaka. Ukumbi mzima wa wanawake ukalia vigelegele, na hakuna aliyejua ni vya nini isipokuwa mimi.

Ofisa kijana kwenye dirisha alinyanyua macho kutoka kwenye pasipoti yangu. Alikuwa anajizuia kucheka. "Bibi harusi yuko wapi?" akauliza kwa Kiarabu.

"Mimi," nikamwambia.

Akaitazama abaya yangu yenye tope, na blanketi linalodondosha maji begani, kisha akagonga muhuri. Nje kengele ilikuwa bado inalia.